MikroTik hEX na PRTG ofisini kwetu Mtwara: uzoefu wangu wa kumsaka mla intaneti

Habari wakuu. Naona wengi mnauliza ruta gani inafaa ofisi ndogo, wengine mtandao unasuasua na mko mbioni kupandisha kifurushi, sasa kabla hujatoa hela ngoja nikupe yaliyonikuta mimi maana ilibaki kidogo tulipe mara mbili kila mwezi bure kabisa.

Mimi ni mtu wa IT ila IT ya huku kwetu, yani we ndo IT, we ndo fundi printa, dekoda ya bosi ikigoma pia unaitwa we. Ofisi yetu ni ya mambo ya korosho, iko upande wa bandarini, kompyuta kumi na nne, kamera nane za ghalani, na simu za watu hizo hata sihesabu. Laini yetu ni Mbps 20 kushusha na 5 kupandisha. Usiku ukipima spidi inatoka yote safi. Ila ikifika saa nne asubuhi mambo yanaharibika, barua pepe yenye viambatanisho haiondoki, mfumo wa uhasibu unazunguka tu, hadi jioni. Nimewapigia watoa huduma mpaka wanaijua sauti yangu, wakaja, wakabadilisha waya, wakabadilisha na ruta yao, hola. Na bosi naye yuko Dar anapiga simu kila siku, "kijana, intaneti yenu hiyo inanitia aibu, wateja wanasubiri nyaraka".

Novemba 2023 nikaagiza Kariakoo ruta ya MikroTik inayoitwa hEX, ile RB750Gr3, ikaja na basi, laki mbili na ushee. Ukiishika unaweza kudhani umetapeliwa, kadude kadogo kama kiganja, hakana wifi, hakana feni, matundu matano ya kebo basi. Lakini yote ni ya gigabiti na ndani kuna vitu ambavyo ruta za kupewa bure na kifurushi hazina hata robo.

Kitu cha kwanza nilichowasha ni Graphing, iko humohumo kwenye ruta, haitaki seva wala nini, unafungua kwenye brauza tu unaona michoro. Ya siku inachora wastani wa kila dakika 5 kwa iyo mshtuko wa sekunde kumi huuoni, ila kwa mgonjwa wangu ilitosha. Kesho yake naangalia, aisee, kushusha kumbe tunatumia Mbps 6 au 7 tu kati ya 20! Ila kupandisha, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja, mstari umelala juu kabisa kwenye 5 kama umepigwa rula.

Hapa wengi ndo tunapokosea, tunaangalia kushusha tu. Kompyuta ikipokea mzigo lazima irudishe majibu kwamba nimepokea, nayo majibu hayo yanapita njia ya kupandisha. Njia hiyo ikijaa, kushusha nako kunadoda hata kama kuna nafasi. Ni kama kivuko cha Msangamkuu, magari yakijaa upande mmoja hata aliyebeba bahasha tu anangoja na wenye malori.

Sasa nani kajaza? Kuna kitu kinaitwa Torch humo ndani, unachagua upande wa ofisi, unapanga kwa anayekula zaidi, unaona namba za IP, yani anwani ya kila kifaa, zinacheza pale pale. Mimi moyoni nilishamhukumu dada wa mapokezi, nilishawahi mpaka kumfungia YouTube. Kumbe anayeongoza ni mashine ya kurekodi kamera, Mbps 4 kati ya 5, haishuki haipandi. Maana yake kuna mtu nje anaangalia kamera moja kwa picha kubwa muda wote.

Nikapiga simu Dar. "Shikamoo mzee, samahani, kuna mtu huko anafungua kamera zetu?" Akajibu bila wasiwasi, "Marahaba, ni mimi, nimeiweka ile ya mizani kwenye TV ya hapa ofisini, asubuhi nikiingia nawasha, jioni nazima." Nikakaa kimya kidogo. Miezi yote ile nawatukana watu wa laini, na dada wa watu namnunia, kumbe anayelalamika ndo anayekula. Dada nilimwomba radhi na chapati za wiki nzima.

Kurekebisha nako hakukuwa kwepesi. Nikashusha picha anayoiona bosi mpaka kbps 512, alafu kwenye Queues, yani foleni za kugawa spidi, nikaiwekea mashine ya kamera kikomo cha Mbps 1 ili hata akibadilisha setingi isituue. Haikufanya kazi! Siku mbili nasugua kichwa. Tatizo lilikuwa fasttrack, ipo kwenye setingi inazokuja nazo, inapitisha data njia ya mkato ili prosesa isichoke, sasa zikipita huko hazigusi foleni yako kabisa. Nikaizima, kikomo kikashika hapo hapo, na kwa laini ya Mbps 20 prosesa wala haihangaiki. Jambo la pili usiandike kikomo sawasawa na ulichonunua, mimi niliweka 18 na 4.5, ili foleni ijipange kwenye ruta yako ambayo unaitawala na siyo kule kwa mtoa huduma. Kwenye toleo la 7 la programu ya ruta (RouterOS) kuna aina ya foleni inaitwa fq_codel, inayozuia mtu mmoja asiwacheleweshe wengine, tumia hiyo. Zamani laini ikijaa pingi, yani muda wa data kwenda na kurudi, ilikuwa inafika milisekunde 900, sasa hivi iko 40 mpaka 60 hata watu wakishindilia.

PRTG sasa. Hii ni programu ya kufuatilia mtandao, ya kampuni ya Paessler ya Ujerumani, niliweka ili nipate kumbukumbu ndefu na taarifa kwenye simu. Siku 30 za mwanzo unapewa kila kitu, alafu inashuka kwenye sensa 100 za bure, sensa moja ni kitu kimoja inachokipima. Ni nzuri kweli, grafu safi, ila inataka Windows, nikaiweka kwenye kompyuta kuukuu ya stoo. Kosa langu niliiacha itafute vifaa yenyewe, swichi moja ya matundu 24 ikameza sensa zaidi ya ishirini, sensa mia zikaisha kabla sijafika hata kwenye kamera. Nikafuta nikaanza upya kwa mkono. Na umeme ukikatika ile kompyuta haiwaki yenyewe, kwa iyo Jumatatu unakuta wikendi nzima haina kumbukumbu. Kwa ofisi kama yetu naona ni kubwa mno, matawi matano sawa.

Ila kuna siku ilinilipa. Mei 2024, ndo kwanza kimbunga Hidaya kimepita na barabara imekatika Somanga, tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, nazo zikakatika. Jumatatu ofisi nzima imenisimamia kichwani, eti umegusa nini tena. Nikawafungulia sensa mbili, pingi ya hapa mpaka kwa mtoa huduma milisekunde 4, ya kwenda nje nyekundu tupu. Tatizo liko baharini wazee, kanyweni chai.

Msimu wa 2024/25 minada ya korosho ikaingia kwenye mfumo wa TMX, lile Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wanaweka bei mtandaoni, hapo ndo bosi alianza kuniheshimu. Laptopu ya mnada nimeitengea Mbps 3 zake, wengine wagombane na zilizobaki.

Ubaya wa hEX? Siyo ya mtu asiyejua, menyu za Winbox, ile programu ya kuiendeshea, ni msitu. Ijumaa moja jioni nilifuta mstari mmoja kwenye firewall, yani sheria za nani aingie na nani asiingie, nikajifungia nje mwenyewe, ikabidi niirudishe kwenye setingi za kiwandani na kuanza upya mpaka saa tano usiku. Kuna kitufe cha Safe Mode, kibonyeze kabla hujagusa chochote, mimi nilikiona baada ya msiba.

Wiki iliyopita bosi kaniuliza kama naweza kumrudishia picha kubwa ya mizani, hata siku za mnada tu. Nimemwambia mzee hizo ndo siku zenyewe haiwezekani, ila Jumapili angalia mpaka uchoke.