Walibadilisha Stelingi Raki Bila Kufuta Mafuta Chini ya Gari

Nimepeleka magari katika gereji nyingi na nimevumilia mengi, zikiwemo ahadi za kesho zisizokwisha, lakini sijawahi kutendewa kama nilivyotendewa hivi karibuni katika gereji moja ambayo sitaitaja jina. Gari langu lilikuwa likivujisha mafuta ya pawa stelingi, tatizo la kawaida kabisa kwa gari lenye usukani wa haidroliki, yaani unaorahisishwa na presha ya mafuta, ambalo limeshatumika kwa miaka mingi. Wao wakanibadilishia stelingi raki nzima, yaani kile chuma kirefu kinachogeuza magurudumu ya mbele usukani ukizungushwa, ilhali uvujaji ulikuwa kwenye hozi, bomba la mpira linalopitisha mafuta hayo. Fundi kukosea kutambua ubovu ningeweza kulisamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba alikataa hata kufuta kabla ya kuhukumu.

Mkuu wa mafundi aliinama, akamulika kwa simu, akaona raki imelowa, akasimama na kutangaza kwamba raki imekufa. Nilimwomba kwa adabu, "Fundi, naomba tusafishe kwanza sehemu yote ile, tuone mafuta yanaanzia wapi." Hata kunitazama hakunitazama. Alijibu mbele ya wateja wengine, "Dada, usukani ni wako, huku chini ni kwetu." Watu wakacheka, nami nikanyamaza kwa sababu nilihitaji gari, ila maneno yale yananikera hadi leo kuliko fedha nilizolipa.

Ombi langu lilikuwa na msingi. Mafuta yanayovuja ni nadra kudondokea pale yanapotokea: hutambaa juu ya mabomba, husukumwa nyuma na upepo gari linapokwenda, kisha hujikusanya mahali palipo chini, na katika magari mengi raki hukaa chini ya pampu na hozi zake. Kwa hiyo raki iliyolowa huenda imelowanishwa na sili (mpira wa kuzuia mafuta yasitoke) ya pampu, na kikopo cha mafuta kilichopata ufa, na klipu iliyolegea ya hozi ya kurudishia, au na hozi ya presha inayopita juu yake. Sili za ndani za raki yenyewe zikichoka, ushahidi wake mara nyingi hukaa ndani ya ile mipira yenye mikunjo iliyo kwenye ncha zake mbili. Ukilegeza kibano na kuuvuta mpira pembeni, mafuta hutoka. Nilidai nipewe raki ya zamani, nikaifungua mipira hiyo mbele yao. Pande zote mbili hazikuwa na tone la mafuta. Hakuna aliyeniambia hata pole.

Gari lilitoka na raki mpya, likiendelea kudondosha mafuta yale yale mekundu, na sasa likilia kila nilipokata kona. Mafuta kwenye kikopo yalikuwa na povu, dalili kwamba kulikuwa na hewa ndani ya mfumo ambayo hawakujishughulisha kuitoa. Kutoa hewa kunataka subira tu: magurudumu ya mbele huinuliwa kwa jeki, na injini ikiwa imezimwa usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara nyingi, huku kikopo kikiongezwa mafuta kila yanapopungua, mpaka viputo viishe. Mkuu wa mafundi alisema kelele ingeisha yenyewe, kisha akatoa chupa ya dawa ya kuzuia kuvuja. Dawa za namna hiyo hulainisha na kuvimbisha sili za mpira zilizokakamaa, na pengine husaidia kwa muda sili inapovuja kidogo, lakini raki ilikuwa mpya. Ni sili ipi aliyotaka kuilainisha?

Hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu katika gereji hiyo hiyo yupo kijana mmoja anayejua kazi. Siku niliyorudi, mkuu wake akiwa ametoka, kijana huyo alisafisha pampu, hozi na raki kwa dawa ya kuondoa grisi, akakausha kwa kitambaa, akatandika boksi safi chini, akaniomba niwashe injini na kuzungusha usukani. Alinionya nisiushikilie mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa hapo ndipo presha hufikia kilele na pampu huweza kuumia. Haukupita muda akaona ukungu mwembamba wa mafuta ukitoka pale mpira wa hozi ya presha unapobanwa na chuma chake. Injini ikizimwa, pakavu. Usukani ukikunjwa, panavuja. Tena hozi hiyo inapita karibu na ekzosi, na mafuta haya yanaweza kuwaka yakimwagikia chuma chenye moto mkali. Alifunga hozi mpya na oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, akasoma maandishi ya kwenye kifuniko cha kikopo kabla ya kumimina ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki ambayo hutumika pia kwenye usukani wa baadhi ya magari, kwa maana si kila gari linaikubali na Honda, kwa mfano, wana mafuta yao maalumu. Kisha akatoa hewa kwa utaratibu wote nilioueleza. Tangu hapo boksi ninaloliweka chini ya gari usiku linaamka kavu, na usukani ni mwepesi na kimya.

Kwa ajili ya kijana huyo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu, na ningewashauri wengine waende wamuulizie yeye. Lakini mkuu wake alirudi kabla sijaondoka, akamkaripia mbele yangu kwa kupoteza muda kusafisha gari lililokwisha kutengenezwa, na nilipomwonyesha hozi iliyopasuka akasema hata raki nayo ilikuwa karibu kuharibika. Raki kavu! Fedha ya raki hajarudisha, wala hajakubali kwamba haikuhitajika. Ninatoa nyota moja, nayo ni ya yule kijana peke yake. Siku akihama gereji hiyo, gari langu litamfuata huko atakakokwenda.