Walinipangia kadi zangu za mpira vizuri ajabu, kisha wakamtia Samatta kwenye mashine

Nilisema nitaandika hasira zikipoa. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo. Kama una kadi au stika za wachezaji na unaishi Arusha, usizipeleke kwenye steshonari niliyopeleka mimi. Duka lipo katikati ya mji, jina lake naliacha. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni dereva wa watalii. Miaka ya nyuma mtoto wa mgeni alisahau furushi la kadi za mpira kwenye kiti cha nyuma. Niliziweka nikijua wazazi watatuma ujumbe, wakanyamaza. Tangu hapo, kila familia inayopanda gari langu ikiwa na mtoto anayependa mpira, tunazungumza mpira kutoka Makuyuni hadi geti la Ngorongoro, na siku ya kuagana ananiachia zile alizonazo mbili mbili. Ndivyo nilivyofika kadi na stika 2,300 na ushee. Zipo za Kombe la Dunia 2018, za 2022, za ligi ya Uingereza misimu tofauti, za Ubelgiji. Zote zilikuwa kwenye maboksi ya viatu chini ya kitanda, na vumbi la porini ndani yake.

Kupanga ndiko kulikonishinda. Nilianza kwa timu, nikakwama: Cristiano Ronaldo ninaye akiwa Real Madrid, akiwa Juventus, akiwa Manchester United, sasa akae wapi? Nikahamia majina kwa alfabeti. Huko nako unachukua kadi moja, unatafuta mahali pake kwenye mstari, unaichomeka, unachukua nyingine. Ukiwa na hamsini ni kazi nyepesi. Ukifika mia tatu, kuitafutia kadi moja nafasi kunakula muda kiasi kwamba usiku unaisha hujamaliza boksi moja. Masika yakiingia kadi zinaanza kujikunja kwa unyevu, nazirudisha zote bila mpangilio. Mke wangu alinihurumia, akaniambia kuna steshonari mjini wanapanga nyaraka za maofisi, wanatengeneza faili na wanaandika lebo, niwaulize.

Nikaenda, kama si Jumanne ni Jumatano, msimu ukiwa umetulia. Na hapa lazima niwe mkweli hata kama roho inakataa: sehemu ya kwanza ya huduma ile ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kulipia mjini hapa.

Alinipokea binti mmoja, nadhani alikuwa kwenye mafunzo ya kazi. Hajui mpira hata kidogo. Aliniamkia, akachukua kadi tatu, akazigeuza nyuma, akauliza, "Baba, hizi namba za nyuma zina maana?" Nikamwambia ndiyo, kila toleo lina namba zake. Akasema, "Basi tusiangalie sura."

Akamwaga boksi la kwanza mezani, kadi zote zikiwa zimelala kifudifudi. Kwanza alitenga kwa toleo, na hilo halihitaji kusoma chochote, kwa sababu mgongo wa kila toleo una rangi na mchoro wake. Kisha akachukua stika za 2018 peke yake. Toleo lile lina stika 682, na namba zinakwenda moja kwa moja. Hakuanza kutafuta ya kwanza ni ipi. Alitengeneza marundo saba tu: chini ya 100, za 100, za 200, hadi za 600. Alipomaliza, akachukua rundo moja, akaligawa kwa makumi. Kisha akashika fungu moja la kumi mkononi kama mtu anayeshika karata, akalinyoosha kwa sekunde chache. Kila stika anaishika mara tatu, basi. Hakuna kutafuta, hakuna kurudi nyuma. Na zile za kujirudia ambazo mimi nilikuwa nazisaka kwa macho, zilijileta zenyewe: namba mbili zinazofanana lazima zikutane fungu moja. Nilisimama pale nikihesabu usiku wote nilioupoteza nyumbani.

Za 2022 zilimsumbua kidogo. Zile hazina namba ya mfululizo. Kila nchi ina herufi zake tatu na namba 1 hadi 20, na nchi ni 32. Meza ya duka haiwezi kubeba marundo 32. Hapo nikamsaidia mimi. Nilimwambia albamu imefuata makundi ya mashindano, A hadi H, timu nne kila kundi. Nikawa namtajia: Senegal yupo A na Qatar, Ecuador na Uholanzi, Morocco yupo F na Ubelgiji, Kanada na Kroatia. Akatengeneza marundo nane, kila rundo akaligawa manne, kisha ishirini ishirini. Tulifanya kazi kama watu waliofahamiana miaka. Akaniuliza Morocco walifika wapi, nikamwambia nusu fainali, akashangaa kweli kweli.

Kurasa za plastiki walizokuwa nazo dukani ni zile za kuwekea kadi za biashara, na kadi ya mpira haiingii humo, ni pana zaidi. Mwingine angekulazimishia ununue. Yule binti alisema, "Hizi zitakuharibia pembe, baba, usinunue." Akakata manila, akatengeneza vitenganishi virefu kidogo kuliko kadi, akaandika juu kwa kalamu nene 100, 200, 300, akavisimamisha ndani ya yale yale maboksi yangu ya viatu. Kuanzia asubuhi hadi alasiri maboksi matatu yalikuwa tayari. Ukitaka stika namba 417, mkono unakwenda wenyewe. Kwa kazi ile ningetoa nyota tano bila kufikiri mara mbili.

Sasa bahasha.

Nilikuwa na bahasha ya kaki yenye kadi 14 ambazo sikutaka zichanganywe na nyingine. Humo ndimo alimokuwa Samatta wangu: stika akiwa na jezi ya Genk, klabu ya Ubelgiji, haijabanduliwa, niliyopewa Karatu na mtoto wa Kibelgiji wa miaka kama tisa. Nilikuwa nimemwambia yule mtoto kwamba huyu ni wetu, katoka Mbagala, na kwamba nililiona goli lake la kichwa pale Anfield, uwanja wa Liverpool, Novemba 2019, nikiwa baa pale Ngarenaro na watu wamesimama juu ya viti. Mtoto alinyamaza, akafungua begi lake, akaitoa, akanipa. Ilikuwa moja tu, hakuwa na ya pili. Miezi michache baadaye Samatta akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 2020 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kila alipofunga mimi nilikuwa naitoa ile stika naiangalia.

Nilipigiwa simu kuwa kuna wageni wa kupokea KIA, ndege imewahi. Nikamkabidhi binti ile bahasha, nikamwambia kila moja aiweke kwenye kifuko chake cha nailoni laini, asizifunge kwa rababendi, kesho nakuja. Akaandika maelezo yangu juu ya bahasha kwa mkono wake. Nimeyaona maandishi hayo kwa macho yangu: "Vifuko tu."

Kesho yake binti hakuwepo. Alikuwepo kijana wa mashine. Akanipa bahasha, nikaona nzito. Nikafungua.

Laminesheni. Zote 14.

Wamezitia kwenye karatasi za plastiki, wamezipitisha kwenye mashine ya moto, kisha wamekata pembeni kwa mkasi. Kadi mbili mkasi umekula ukingo wenyewe. Stika ya Samatta, kwa sababu ina gundi kwa nyuma, imetoa mapovu usoni. Kwa asiyejua: laminesheni haitoki. Ile plastiki ina gundi inayoyeyuka kwa joto na kushika karatasi, ukijaribu kuibandua inaondoka na wino. Kadi iliyofanyiwa hivyo, kwa mkusanyaji yeyote duniani, imekwisha.

Nikamuuliza kijana nani kamwambia afanye hivi. Bila kuinua macho kwenye simu yake akasema, "Mzee, si tumekulindia? Hapo hata maji hayaingii." Nikamwonyesha maandishi ya kwenye bahasha. Akasema hakuyaona. Kisha, na hapa ndipo damu ilipopanda, akaniambia nadaiwa shilingi 7,000, 500 kila moja. Nilipe kwa kuharibiwa!

Nikaomba kuonana na mwenye duka. Mama mmoja mtu mzima akatoka nyuma, nikamwamkia kwa heshima, shikamoo mama, akaitikia. Nikamweleza pole pole. Alisikiliza hadi mwisho, nikaamini nimepata mtu. Kisha akaichukua ile ya Samatta, akaigeuza geuza, akasema, "Baba, haya si mapicha ya watoto? Wachezaji wamejaa kwenye simu, kachapishe nyingine, nitakufanyia bure."

Walikuwepo wateja wanne au watano kwenye foleni. Wakacheka.

Sikusema neno. Nililipa ile elfu saba, na mpaka leo sijui kwa nini nililipa. Nilishuka hadi stendi ndogo kwa miguu, maboksi matatu mikononi na bahasha mfukoni, na kila hatua najiuliza yule mtoto wa Kibelgiji angeniona ningemwambia nini.

Nilipanga niwape nyota moja, nifunge mjadala. Lakini kila jioni nikifungua yale maboksi nakuta kazi safi, namba kwa namba, na wiki iliyopita nilijua kwa dakika kumi tu stika zipi za 2018 sina. Nikasema labda niwape tatu. Halafu naikumbuka ile sauti, "mapicha ya watoto", na vile vicheko, nafuta zote. Kwa wakati huu ninaoandika, duka lile halina nyota kwangu. Kutokujua ningesamehe, kila mtu anaanza hajui. Maelezo yalikuwa yameandikwa, na mteja alikuwa amesimama mbele yao.

Tena nasikia AFCON 2027 inakuja, uwanja unajengwa Olmoti hapa Arusha, na wageni watajaa mjini na kadi zao na albamu zao. Watu wa steshonari, mtoto akikuletea kitu ambacho thamani yake huijui, muulize kwanza kabla hujawasha mashine!

Nimerudi pale mara mbili, nikasimama ng'ambo ya barabara kuangalia kama yule binti yupo. Hayupo. Muuza vocha wa jirani anasema mafunzo yake yaliisha. Binti, kama unasoma hapa, boksi la Ubelgiji na yale ya ligi ya Uingereza bado sijayagusa. Meza ninayo, manila nimenunua, na safari hii malipo nitakupa wewe mkononi.