Miaka minne ya kuuza michoro yangu kwa NFT: uzoefu wangu

Silingibodi ya sentimita 60 kwa 60, rangi ya mafuta ya kopo, twiga wawili chini ya mbuyu. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu. Tatizo lake ni moja: mteja akishaondoka na picha kwapani, mimi na ile picha tumeagana. Akienda kuiuza kwao mara kumi ya bei yangu, sijui wala sipati. Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo huu hapa Dar mwaka 1968, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine mwaka 1972. Picha alizouza kwa bei ya kutupa pale Oysterbay, leo zinauzwa nje kwa maelfu ya dola.

Kwa hiyo mwaka 2021, kijana anayetengeneza kompyuta jirani na banda letu aliponieleza habari za NFT, hata zile dola milioni 69 zilizolipwa kwa picha ya kidijitali ya msanii Beeple kwenye mnada wa Christie's hazikunishtua. Kilichonishika ni pale aliposema, "Mzee, ikiuzwa tena unakatiwa asilimia 10 yako."

Kwa asiyejua: unachouza kwenye NFT ni hati ya kidijitali. Picha yenyewe kila mtu anaiona na kuipakua bure. Hati inaandikwa kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani: nani kaitengeneza, nani anaimiliki, iliuzwa kwa ngapi. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji asipoitoa kwa maandishi. Mke wangu aliuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri: "Sasa huyo Mzungu kanunua kitu ambacho mimi nakiangalia bure?"

Tulianza na Ethereum, mojawapo ya madaftari hayo, tukakimbia. Siku ile ada ya gesi, yaani malipo ya kuandikisha hati tu, ilikuwa inataka kulingana na bei ya twiga wangu wawili. Tukahamia daftari jingine, Tezos, ada ni senti. Maneno ya siri ya kufungulia pochi ya kidijitali niliyaandika kwenye karatasi nikaificha kabati la vyombo. Ukiyapoteza hayo hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Wiki tano hakuna aliyenunua. Nilidhani ukiweka mzigo sokoni wateja watakuja wenyewe, kumbe nusu ya kazi ni kushinda Twitter unapiga soga na wakusanyaji. Kiingereza changu cha kuuzia watalii kilinisaidia. Nilipowaeleza kwa nini mbuyu wangu una rangi ya zambarau, mmoja akanunua, kesho yake mwenzake akanunua. Kubadilisha tez, sarafu ya mtandaoni ya Tezos, kuwa shilingi ndiko kulikonitesa: Benki Kuu ilishatangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, hivyo nilimtegemea mtu anayenunua tez na kunitumia kwa simu, akikata anavyotaka.

Halafu ikatokea. Asubuhi moja nafungua pochi nakuta tez ambazo sikuzitegemea. Mnunuzi wa kwanza alikuwa ameuza ule mbuyu kwa mara nne ya bei yangu, na asilimia 10 imekuja yenyewe nimelala. Hela ya mboga ya siku mbili tatu, lakini nilikaa kitandani nikaitazama kama mshahara wa kwanza. Ufaransa mchoraji ana haki hiyo kisheria tangu mwaka 1920. Mimi niliipata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Hapo ndipo ningetoa nyota tano. Sasa nimezipunguza, na sababu ninazo.

Ile asilimia 10, nilikuja kugundua, haimo ndani ya hati kama nilivyoaminishwa. Hati inaitaja tu. Anayekata na kukulipa ni soko la mtandaoni hati inapouzwa, likitaka. Mwaka 2022 masoko yalianza kugombania wanunuzi kwa kupunguza au kuondoa malipo hayo, na Agosti 2023 OpenSea, lililokuwa kubwa, likatangaza kwamba kuyalipa kutakuwa hiari ya muuzaji. Hiari! Muulize dalali yeyote wa Kariakoo kama kuna mtu hulipa kwa hiari. Masoko ya Tezos mengi yameendelea kuwakata wauzaji, ndiyo maana bado nipo huko.

Pigo la pili linaniuma zaidi. Soko dogo nililolitumia mwanzoni, jina lake nalihifadhi, lilifungwa bila kuaga. Hati zangu bado zipo kwenye daftari, hakuna aliyezigusa, ila mafaili ya picha yalikuwa kwenye seva yao. Hati tatu sasa ukizifungua unaona kiboksi cha kijivu. Waliponiambia "milele" walimaanisha karatasi ya hati, picha haikuwamo. Ukianza leo, uliza kwanza faili linakaa wapi na nani analipia litunzwe.

Na wizi? Mwenzangu wa bandani alikuta simba wake wanauzwa na mtu asiyemjua, aliyewapiga picha dukani tu. Daftari linajua nani aliandikisha wa kwanza. Nani alishika brashi halijui.

Mimi pia nimenunua, kazi nne za wachoraji vijana, mmoja wa Mombasa. Bei za kazi hizo zimeshuka hadi aibu, na sijutii hata moja. Nazionyesha kwenye televisheni wageni wakija.

Mapato yote ya miaka minne hayafiki ya msimu mmoja mzuri wa watalii. Nyota tatu. Siku hizi nauza silingibodi yenyewe, na hati naiambatanisha kama cheti, mnunuzi akiitaka. Juzi yule mnunuzi wa kwanza kabisa kaniandikia: kiboksi cha kijivu kimemchosha, anaomba faili la mbuyu wa pili alionunua kwangu. Nimemtumia kwa barua pepe, bure.