Kliniki za methadoni Dar es Salaam: dawa ni nzuri, litazame dirisha

Mtaani anaitwa teja. Akifika dirishani kuchukua dozi anaitwa mteja. Tofauti ni herufi moja, na kwa mtu aliyelala miaka kwenye vibaraza vya Manzese au pembeni mwa Jangwani, herufi hiyo ni nzito kuliko bango lolote la ukutani.

Tunaipima hapa huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga (heroini), katika hospitali za umma za jijini. Muhimbili ndiyo ilikuwa ya kwanza nchini, Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Tumewaandikia ndugu wa Tandale, Kigogo, Keko au Buguruni wenye mtu wao maskani, yaani kwenye vijiwe vya unga, wanaotaka kujua watakutana na nini kabla hawajamshika mkono kumpeleka.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Dawa inafanya kazi, na hutolewa bure. Kinachomtoa mtu kwenye huduma mara nyingi ni safari ya kila siku na namna anavyopokelewa kati ya geti na dirisha.

Ukitaka kuijua kliniki, kaa kwenye benchi nusu saa asubuhi usikilize salamu. Wapo watumiaji wenye umri wa miaka 50 na kitu, walioanza unga miaka ya 1990. Nesi kijana akimwambia mtu wa namna hiyo "shikamoo baba", naye akaitika marahaba, kuna jambo limefanyika ambalo kipimo cha mkojo hakilioni. Pengine ni miaka mingi tangu mtu mdogo wake amwamkie. Lakini akiitwa "we teja, sogea huko" mbele ya wagonjwa wengine, hagombani na mtu. Anakunywa, anaondoka, kesho haji. Akikosa siku tatu mfululizo, mwili umeanza kuisahau dozi, na wahudumu kwa kawaida humpunguzia kwa ajili ya usalama wake. Dozi ndogo haimshiki, arosto (maumivu ya kukosa unga) inarudi, na kete, kipakiti cha unga, iko umbali wa dakika kumi kwa miguu. Ndiyo maana tunasema neno baya pale dirishani lina gharama ya miligramu.

Kuingia kwenyewe si kwa kwenda tu na kugonga mlango. Njia ya kawaida hupitia asasi za kijamii ambazo wahudumu wao huzunguka maskani, na wengi wa wahudumu hao waliwahi kubwia unga wenyewe. Wao humwandaa mtu kwa vikao kadhaa, kisha humpeleka. Kliniki itataka ndugu au mtu wa karibu wa kumsindikiza, na namba ya simu inayopatikana. Vipimo ni mkojo, virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na uchunguzi wa kifua kikuu. Hapa wengi huchoka, kwa sababu mtu mwenye arosto hawezi kukaa foleni tatu kwa siku moja. Mwulize mhudumu wa asasi kama vipimo vinaweza kugawanywa kwa siku mbili, na siku hiyo mpeleke akiwa amekula.

Siku ya dozi ya kwanza ndiyo yenye hatari, na ndugu wengi hawaambiwi sababu. Lazima aje akiwa na arosto: kamasi, miayo, mbavu zinauma, vinyweleo vimesimama. Akija ameshajidunga au amevuta kokteli (bangi iliyochanganywa na unga) asubuhi, atarudishwa, na kumrudisha huko si kumnyanyasa. Methadoni hupanda taratibu, nguvu yake inafika kileleni saa mbili hadi nne baada ya kunywa, na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo ya leo inapandia mabaki ya jana, na ya kesho itapandia zote mbili. Ndiyo sababu huanzia chini, mara nyingi bila kuzidi miligramu 30, kisha huongezwa kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120.

Maana yake wiki mbili za kwanza ni ngumu. Dozi bado haijamtosha, usiku wa manane arosto inamgusa, naye anaongezea unga au valiamu. Vifo hutokea katika kipindi hiki. Methadoni ikichanganywa na valiamu, gongo au bia, pumzi huzimika mtu akiwa usingizini. Ukisikia mkoromo mzito usio wa kawaida, midomo imekuwa ya kijivu na hata umtikise haamki, usimwagie maji wala usimpe maziwa. Mlaze ubavu, hakikisha njia ya hewa iko wazi, tafuta bodaboda au bajaji ya kumfikisha hospitali sasa hivi, na ukifika taja methadoni bila aibu ili apewe naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi. Dawa hiyo huisha nguvu kabla ya methadoni, kwa hiyo akizinduka asiondoke. Akae chini ya uangalizi.

Dirishani kwenyewe kazi ni fupi. Kadi inatazamwa, dozi inapimwa, ananywa mbele ya mtoa dawa, anapewa maji, kisha anasema neno ili ionekane amemeza. Sharti hilo la kusema linawaudhi baadhi ya wateja, wanaona hawaaminiwi. Lipo kwa sababu dozi inayotemwa kwenye chupa huuzwa nje, na anayeinunua hana mwili uliozoea kiasi kile. Mtoa dawa mzuri huuliza swali la kweli, "mtoto anaendeleaje?", mteja akajibu, na ukaguzi ukawa umekwisha bila mtu kuhisi amekaguliwa.

Tunapokosoa bila kuficha ni kwenye saa na nauli. Dozi ni ya kila siku, sikukuu zikiwemo, na dirisha hufanya kazi asubuhi. Vibarua vya watu hawa navyo ni vya alfajiri: kubeba mizigo Kariakoo, kupaa samaki Feri, kupiga debe stendi. Mtu anachagua kati ya dozi na mkate. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto anapanda daladala mara mbili au zaidi kila siku ya Mungu, na nauli hiyo hakuna anayemrudishia. Ndugu wanaotaka kusaidia waanzie hapo. Mlipieni nauli miezi mitatu ya mwanzo, ikiwezekana siku kwa siku, na mtafutieni kazi inayoanza saa nne. Mahali panapotolewa dozi za kubeba nyumbani, hupewa wale waliotulia muda mrefu. Zifungiwe kabatini, maana mililita chache zinatosha kumuua mtoto.

Jambo jingine ni mapusha, yaani wauza unga. Wanajua dirisha linafunguliwa saa ngapi, nao husubiri njiani. Mteja mpya asitoke peke yake wiki za mwanzo. Atoke na mwenzake aliyekwisha kutulia, wapite barabara ya watu wengi.

Kuhusu dawa nyingine, hili liseme kwa sauti ofisini kwa daktari: je, anatumia dawa za kifua kikuu? Rifampisini huifanya methadoni iishe haraka mwilini, hivyo mtu aliyekuwa ametulia anaanza kutetemeka ndani ya wiki moja au mbili, na nyumbani wanadhani amerudia unga. Hajarudia. Dozi inahitaji kupandishwa, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha ishushwe tena taratibu. Baadhi ya ARV za zamani zilikuwa na tabia hiyohiyo. Kliniki inayotoa dawa zote hizi chini ya paa moja tunaipa alama ya juu kabisa, kwa sababu mtu anayetoroka foleni moja hatavumilia tatu.

Maudhi ya kawaida ni kukosa choo, jasho jingi na usingizi wa mchana. Maji, mapapai na mboga za majani husaidia, na mswaki kila usiku, kwani meno huharibika.

Wanawake ni wachache sana kwenye foleni, na si kwamba mitaani hawapo. Wengine mwanaume ndiye anayewashikia unga na pesa. Wengine wanaogopa kunyang'anywa watoto, au kutambuliwa na jirani pale getini. Asindikizwe na mwanamke, na aelezwe mapema kwamba hedhi iliyopotea kwa sababu ya unga inaweza kurudi, hivyo mimba inawezekana. Mjamzito hashauriwi kuacha ghafla, iwe unga au methadoni. Dozi iliyotulia ni salama zaidi kwake na kwa mtoto, na wakunga waambiwe ili kichanga kiangaliwe siku za mwanzo.

Watu hutuuliza kama soba hausi, nyumba ya kukaa bila kutumia chochote ili kuacha unga, si bora. Inawafaa baadhi. Ila mtu akikaa miezi minne bila kitu, mwili umesahau, na akirudi kijiweni akapiga kipimo kilekile cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo. Soba hausi isiyomweleza mkaaji wake jambo hili tunaikataa, hata kama vitanda ni visafi.

Swali la "utaiacha lini hiyo dawa?" liwekeni kando mwaka wa kwanza, na hata wa pili. Si kozi ya malaria. Anayeshushwa haraka kwa kuona aibu mbele ya shangazi na wajomba hurudia. Kushusha hufanywa kidogo kidogo kwa miezi, mteja mwenyewe akiwa ndiye aliyeomba.

Na maendeleo yake yapimeni kwa vitu vya nyumbani. Simu imekaa mwezi haijauzwa. Anaoga bila kuambiwa. Anauliza kama chakula kimebaki. Dozi ikishamshika, mara nyingi baada ya mwezi au zaidi, mtume dukani na noti ya elfu mbili akanunue sukari. Akirudi, pokea sukari, mwambie asante, na chenji iache pale alipoiweka mezani. Usiihesabu akiwa anatazama.