Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, Ahero: uzoefu wangu

Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyomnyima nitaieleza.

Tetea wangu wa kienyeji alianza na kipele pembeni mwa mdomo, pale mdomo mgumu unapoungana na ngozi. Kikavimba, kikawa cheusi, kikakauka na kufanya gaga. Duka moja la dawa za mifugo walitazama picha kwenye simu yangu, wakaniuzia antibiotiki ya unga ya kutia kwenye maji. Kipele kikabaki palepale, na wenzake wakaanza kutoka vipele kwenye upanga. Jirani ndiye aliyenipa namba ya huyu daktari anayezunguka na pikipiki.

Nilichompendea ni kwamba hakutaja dawa kabla ya kumshika kuku. Kwanza aliinama kutazama kama ni viroboto, wale weusi wanaojigandamiza kando ya macho na upanga hadi ukiwa mbali unadhani ni kidonda. Hawakuwa wao. Kisha akampanua mdomo, akamulika koo kwa tochi ya simu. Alikuwa anatafuta utando wa manjano, mzito kama maziwa yaliyoganda, kwa sababu ukiota huko ndani kuku hukosa pumzi na kufa. Koo lilikuwa safi.

"Ni ndui, mama, ile ya ngozi. Na ukikaa karibu na mpunga wa Ahero, mbu watakula hawa kuku kabla yako."

Kumbe mbu ndio wanaosambaza, pamoja na kudonoana. Ndui ni virusi, kwa hiyo ile antibiotiki haiwezi kuiua. Inasaidia tu kama bakteria wameingia kidondani. Alipaka ayodini, akanikataza kubandua magaga, akasema yakianguka niyafagie na kuyachoma kwa kuwa yana virusi ndani. Ndui ya ngozi kwa kawaida hupona yenyewe baada ya wiki chache. Tetea wangu amepona, kovu dogo tu limebaki.

Wale ambao hawakuwa na dalili aliwachanja. Sindano yake ina meno mawili. Unaichovya kwenye chanjo, unatoboa ile ngozi nyembamba ya bawa ukikwepa mshipa. Wiki iliyofuata alirudi bila kuitwa, akainua bawa la kila kuku kutafuta kivimbe mahali alipotoboa. Pasipo na kivimbe chanjo haikushika, na aliokuta hawana aliwarudia bila malipo. Wachanjaji wengi niliowahi kuwaona hapa wakishalipwa huwaoni tena.

Leseni yake ya Kenya Veterinary Board nilimwomba, akaitoa bila kununa. Ada ya kufika ni shilingi 500, chanjo unalipa kando.

Sasa ile nyota. Chupa ya chanjo ni ya kuku mia na zaidi, na ikishachanganywa inabidi imalizwe ndani ya saa chache. Mimi sina hata kuku thelathini. Hilo alinieleza akiwa tayari uani, ikabidi nianze kugonga milango ya majirani juani, wengine kuku wao wameshafunguliwa na wako shambani. Ukimpigia, mwambie mapema una kuku wangapi, patana na majirani mchange bei ya chupa, na mwite alfajiri kuku wakiwa bado bandani.