Mota ya geti la kuslaidi: ipi ununue kama nyumba yako ina mijusi (yaani nyumba yoyote ya Dar)

Mnaoniandikia kuhusu mageti yanayogoma, nimewasikia. Dada mmoja wa Kinyerezi geti lake linafika nusu linasimama, akibonyeza tena rimoti linarudi lilikotoka. Mzee mmoja wa Mbezi Beach la kwake linajifungua lenyewe usiku wa manane, mlinzi anatoka na rungu anakuta hakuna mtu. Mwingine wa Goba geti halifungi kabisa, analifunga kwa mnyororo na kufuli kama vile hajawahi kununua mota. Wote wamepewa jibu moja na mafundi: bodi, yaani ule ubao wa umeme unaoiongoza mota, imekufa, lete hela ya bodi mpya. Nami wote niliwaomba kitu kimoja: fungua kava la mota, piga picha kabla fundi hajagusa.

Picha ya Mbezi Beach ndiyo niliyoikuza kwenye simu. Mjusi kafiri, amekauka, kichwa kipo kwenye skrubu ya waya wa moto na mkia umelala kwenye skrubu ya pili. Chini ya tumbo lake bodi imeungua duara jeusi. Pembeni, nyuma ya transfoma, mayai mawili meupe yamegandia. Ya Kinyerezi haikuwa na mjusi, ilikuwa na sisimizi. Wamejazana kuzunguka rilei, ile swichi ndogo ya kwenye bodi inayowasha na kuzima mota, na walionaswa kati ya vidole vyake vya shaba wamesagika wakawa unga mweusi. Ukiitazama harakaharaka utadhani ni vumbi. Fundi alidhani ni vumbi.

Basi mwongozo huu hauna habari za kasi, wala mota ipi ina taa ya kupendeza, wala ipi inafunguka kwa simu ukiwa Dodoma. Hayo kila muuzaji anayajua kwa moyo. Uzito wa geti nao ni hesabu nyepesi: uliza aliyekuchomelea, ongeza kidogo maana mafundi wetu hupenda bomba nene, halafu nunua mota inayobeba zaidi ya hapo. Mimi nataka kujua jambo moja tu: wadudu wanaingiaje, na wakiingia wanakuta nini.

Wanaingia kwa sababu mle ndani kuna joto. Transfoma ina umeme saa ishirini na nne, boksi linabaki na uvuguvugu hata usiku wa Julai. Taa ya getini inavuta wadudu, wadudu wanamvuta mjusi, mjusi anatafuta pa kulala. Masika ikipiga, ardhi inajaa maji na sisimizi wanahama na mayai yao kwenda popote palipo pakavu na juu kidogo. Mota yako imefungwa juu ya zege, sentimita chache kutoka chini. Wao wataacha kuingia kwa nini?

Kwenye karatasi ya vipimo utaona herufi IP na tarakimu mbili. Wauzaji wakikusomea wanaongelea maji tu, na maji ni tarakimu ya pili. Ya kwanza ndiyo ya vitu vigumu: 4 inazuia kitu chenye unene wa milimita moja na kuendelea, 5 inapunguza hata vumbi linaloingia. Kwa hiyo mota ya IP44 mjusi hapiti kwenye kava lake, ila sisimizi mdogo ana nafasi yake. IP54 na kupanda juu ni bora zaidi kwa jiji hili.

Lakini vipimo hivyo ni vya boksi kama lilivyotoka kiwandani. Kwenye kitako cha mota kuna tundu la kupitishia waya, na hapo ndipo kazi yote ya kiwanda inapoharibikia. Fundi anazika bomba la PVC kutoka kwenye swichi ya ukutani, anapitisha nyaya mbili tatu ndani ya bomba lenye nafasi ya nyaya kumi, anafunga kava, anaomba chai. Bomba hilo ni barabara ya lami kwa sisimizi, tena yenye kivuli. Linatakiwa kuzibwa kwa silikoni pande zote mbili, ukutani na kwenye mota, baada ya waya kupita. Zile tundu ndogo za kutolea maji kwenye kitako ziachwe, maana ukiziba hizo unabaki na maji ya mvua ndani. Povu la kuzibia lile la kwenye kopo silipendi kwa kazi hii, sisimizi wanalitoboa.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi upendeleo.

Ya kwanza: Centurion. Ni ya Afrika Kusini, kampuni ipo tangu 1986, na sijalipwa hata soda kuisema. D5-Evo inabeba geti la hadi kilo 500, na mageti mengi ya nyumba zetu yanaishia humo. Ukiwa na lile geti la mabati mazito lililowekwa na nakshi mbele na nyuma, kuna D10 ya kilo 1000. Inanipendeza kwa sababu imetengenezwa na watu wanaoishi na mijusi na sisimizi kama sisi. Sehemu inayoiambia mota geti limefika wapi inatumia sumaku, si mwanga, kwa hiyo uchafu au mdudu akikatiza mbele yake haichanganyikiwi. Geti la kusimama nusu safari, ugonjwa wa yule dada wa Kinyerezi, mara nyingi huanzia kwenye sehemu hiyo au kwenye rilei.

Faida ya pili ni betri. D5-Evo inaendeshwa na betri ya volti 12, umeme wa ukutani kazi yake ni kuichaji. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha umesahau kununua, geti linaendelea kufunguka mara kadhaa kama hakuna kilichotokea. Kasoro zake nazo nazijua. Betri ni ile ya risasi, ndogo, ya aina inayokaa kwenye UPS za ofisini, na joto letu linaila. Usingoje ife. Zima swichi ya ukutani siku moja, fungua na funga geti mfululizo, ukiona linaanza kujikokota nunua nyingine. Pia mota yenyewe inaibwa. Inang'olewa nzima na kubebwa, kwa hiyo bajeti iwe na kizimba cha chuma cha kuifunika, chenye kufuli.

Ya pili: Nice Robus. Ya Italia, inatumia volti 24, ipo ya kilo 400, 600 na 1000 kwa majina hayo hayo. Inatembea kwa utulivu mno, jirani hasikii umerudi saa ngapi. Kwa uzuri wa kazi ningeiweka sawa na Centurion. Imeshuka kwa mambo mawili. Karatasi yake inasema IP44, na betri haimo kwenye boksi, unainunua peke yake. Muuzaji hakuambii hilo mpaka umeme ukatike, umpigie simu.

Ya tatu: CAME BX. Nayo Mtaliano, BX-74 ya kilo 400 na BX-78 ya kilo 800. IP54, nguvu zipo, chuma kipo. Ila hizi zinatumia umeme wa ukutani moja kwa moja, volti 230. Umeme ukikatika unashuka kwenye gari, unafungua kwa ufunguo, unaachia gia, unasukuma. Kwa mwenye mlinzi na jenereta si neno. Kwa mama anayerudi saa tatu usiku na watoto wamelala kiti cha nyuma, hapana. Halafu ukikaa Kigamboni au Kunduchi, chumvi ya bahari inakula lile tundu la ufunguo mpaka halizunguki. Ulipake grisi kabla hujalihitaji. FAAC 740 na 741 naziweka kundi hili hili, kwa sababu hiyo hiyo ya umeme.

Zile zisizo na jina. Zimejaa Kariakoo, kava jembamba, tundu la chini unaweza kupitisha mkono wa mtoto. Kama hela yako inaishia hapo, nunua magurudumu mazuri ya geti yenye bearing nzima na usukume kwa mkono. Nimemaliza.

Kabla ya kufunga yoyote kati ya hizi, geti lenyewe liwe jepesi. Lisukume kwa mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho wa reli. Likikwama, mota haitakuponya. Reki, yaani yale meno yanayofungwa ubavuni mwa geti, iachiwe upenyo kama wa milimita 2 hivi juu ya gia, ili uzito wa geti ukae kwenye magurudumu. Fundi anayeibana kabisa "isicheze" anakutayarishia kununua gia.

Na sasa bei, ambazo hamtazikuta hapa, na sababu ni wauzaji wenyewe. Ingia kurasa zao za Instagram: picha nzuri, muziki, geti linafunguka kama la ikulu, chini wameandika "bei njoo DM". Ukienda DM unaulizwa uko wapi. Ukisema Masaki ni bei moja, ukisema Mbagala ni nyingine. Ukifika dukani wanatazama kwanza umeshuka kwenye nini. Mmoja alinitajia kwa dola, kwa sauti ya chini, wakati tangu 2025 kanuni zinakataza kuuza kwa fedha za kigeni humu nchini. Nilipomwambia aandike kwa shilingi akatafuta kikokotoo kwa muda mrefu ajabu. Ukiomba risiti ya EFD bei inapanda hapo hapo, VAT ya asilimia 18 inatokea kama mgeni ambaye hakualikwa, ilhali ilitakiwa iwemo tangu mwanzo. Chukua risiti hata hivyo. Bila hiyo waranti yako ni maneno ya mdomo.

Waranti yenyewe iulizeni vizuri. "Mwaka mmoja, dada, usiwe na wasiwasi." Wasiwasi unaanza ukiwarudishia bodi iliyoungua: wanafungua, wanamwona mjusi, wanatabasamu. Wadudu hawamo kwenye waranti. Wanajua mjusi ndiye anayeua bodi nyingi hapa mjini, na ndiyo maana bodi mpya huwa ipo kwenye rafu, haikosekani hata siku moja. Mzee wa Mbezi Beach aliambiwa bodi peke yake karibu nusu ya bei ya mota nzima. Alilipa. Fundi akaifunga, bomba likabaki wazi vile vile, mpaka nilipomwambia mzee amrudishe.

Kwa hiyo mkikubaliana bei ya ufungaji, iandikwe kwenye karatasi: kuziba bomba pande zote mbili kwa silikoni, na mota isiwashwe mpaka silikoni ikauke. Msimamie. Usiende kupika. Dukani nilipouliza kama silikoni imo kwenye gharama zao, kijana wa kaunta alinijibu, "Bosi, hiyo ni ya mabomba ya bafuni." Nenda nayo mwenyewe, hadwea yoyote inauza, na ukipenda dondosha naftalini mbili tatu, zile nyeupe za kabatini, kwenye kona ya boksi mbali na bodi. Zikiyeyuka weka nyingine.