Bamba kuzama au mabamba kugongana: ipi inatugusa zaidi sisi wa Tanga?

Mabamba ni vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea polepole, na watu wengi wanachanganya kuzama na kugongana kwake wakati matokeo yake ni tofauti kabisa. Bamba la bahari ni zito, hasa likishazeeka na kupoa, kwahiyo likikutana na bamba la bara linapiga mbizi chini yake, na linashuka na maji ndani ya miamba yake, hayo maji yakitoka huko chini yanafanya mwamba wa juu yake uyeyuke kirahisi, ndo unapata volkano za Indonesia, Japani na milima ya Andes kule Amerika Kusini. Ila kwangu mimi kubwa ni tsunami. Mabamba yanang'ang'aniana miaka na miaka, siku yakiachia sakafu ya bahari inaruka, kama Sumatra tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1, mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi mpaka pwani yetu na watu wakafa Dar. Ukiwa ufukweni Raskazone hapa Tanga ukaona maji yanakupwa ghafla na sio saa yake, beba watoto panda juu, usisubiri kuangalia.

Kugongana ni bara kwa bara. Yote mepesi, hakuna anaekubali kuzama, basi yanakunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani. Volkano karibu hakuna, matetemeko yapo tena makali, Nepal 2015 ilikuwa 7.8. India ilianza kuigonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita, na kileleni Everest, mita 8,849, kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini! Mapango yetu ya Amboni nayo ni chokaa ya baharini, ila hayakupandishwa na mgongano wowote. India yenyewe bado inasukuma, sentimita kadhaa kila mwaka.